Carina ya Baba: Shajara ya Kunyoosha Matairi ya Nyuma

Jumamosi, Juni 14, 2025

Leo asubuhi nimevua tairi la nyuma kushoto nikaligeuza juani, na hapo ndipo nilipoamua kuanza kuandika. Ukilitazama kwa nje ni zima, mistari imejaa. Ukipitisha kiganja upande wa ndani unakuta upara, na ukingoni nyuzi za waya zimeanza kuchungulia. Tairi lina miezi minane tu. La kulia nalo limelika ndani, ila halijafika huko.

Gari ni Toyota Carina ya mwaka 1998, ile tunayoiita Carina Ti, injini 5A. Baba alilinunua mkononi kwa mtu wa Muheza, akaliendesha mpaka macho yalipomkatalia usiku, kisha akanikabidhi. Kila mwezi ndilo linalompeleka kliniki hospitali ya Bombo, hapa Tanga, na kila wiki linapanda Muheza na kurudi. Sina mpango wa kuliuza, na kila miezi minane kununua matairi siwezi.

Alaimenti, yaani kupanga mielekeo ya matairi kwa mashine, nimefanya mara 3 ndani ya mwaka mmoja, shilingi 35,000 kila mara. Mara ya tatu nilisimama nyuma ya fundi nikaangalia kioo cha mashine: mbele kote kijani, nyuma kushoto nyekundu. Nikauliza. Akanijibu, "Hizi gari nyuma haziguswi, kaka." Nikalipa, nikaondoka.

Leo nimelala chini ya gari na tochi. Kila upande una mikono miwili iliyokatiza gari kwa upana, mmoja mbele ya habu (kitovu cha gurudumu) na mmoja nyuma yake, na fimbo ndefu inayokwenda mbele kulizuia tairi lisirudi nyuma. Mkono wa mbele ni chuma kimoja, hauna marekebisho. Huu wa nyuma una bomba lenye uzi katikati, na nati ya kufungia kila ncha. Ukiurefusha, unasukuma nyuma ya tairi itoke nje, basi uso wa tairi unageukia ndani. Ukifupika, uso unatazama nje. Kwa hiyo kiwanda kiliweka pa kurekebishia. Zile nati hazijaguswa miaka mingi: zimeungana na bomba kwa kutu, ukitazama haraka unadhani ni kipande kimoja.

Nyumba yetu iko Sahare, bahari haiko mbali. Miezi hii ya kusi chumvi inapeperuka mpaka ndani ya makabati.

Jumapili, Juni 15

Nimempigia mjomba wangu, ambaye ni fundi mwashi, kumwomba timazi (uzi wenye uzito, wa kupimia wima) na pima maji. Akaja navyo mwenyewe, tena na rula yake ya chuma. Nimempa shikamoo, ameitikia huku macho yako kwenye gari. Akachutama nyuma, akafumba jicho moja. "Mwanangu, huu ukuta wako wa kushoto umelala."

Alikuwa sahihi, na tumeupima. Nitaeleza tulivyofanya kwa urefu, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kwanza pa kuegesha. Tumetafuta sehemu ya uwanja yenye saruji, tukapitisha pima maji juu ya ubao mrefu chini ya kila tairi. Upepo wa matairi tumeusawazisha kwanza. Usukani ukanyooshwa. Gari tukalisukuma mbele na nyuma mita chache lijikalishe, bila kukanyaga breki mwishoni, tukatia mawe.

Kisha mistari. Nilikuwa na bomba mbili za PVC, kila moja ndefu kupita upana wa gari. Nikazilaza pamoja, nikazikata tundu kwa msumeno kwa mara moja, ili umbali baina ya tundu na tundu uwe uleule kwenye bomba zote mbili. Moja ikawekwa mbele ya gari na nyingine nyuma, juu ya ndoo na matofali, urefu wa katikati ya habu. Mshipi wa kuvulia samaki ukafungwa kutoka tundu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, ukakazwa mpaka ukawa unalia ukiucharaza kwa kidole. Uzi wa katani wa mjomba ulikuwa unalegea upepo ukipita. Mshipi unavutika kidogo, na kwa sababu hiyo hiyo unabaki umekaza.

Kwa kuwa tundu zina nafasi moja mbele na nyuma, mistari miwili lazima iwe sambamba. Kilichobaki ni kuiweka sambamba na gari. Unapima kutoka mshipi hadi katikati ya habu ya mbele kushoto, kisha ya mbele kulia, unasogeza bomba mpaka namba zilingane. Unakwenda nyuma unafanya vivyo hivyo. Namba za mbele na za nyuma si lazima zifanane, kwa sababu upana wa gari mbele na nyuma haulingani. Cha muhimu ni kushoto na kulia zilingane. Ukisogeza nyuma, mbele nako kunahama kidogo. Tulizunguka mara 5 au 6.

Halafu rula. Kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na kutoka mshipi hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo. Kushoto: mbele 142, nyuma 148. Kulia: mbele 145, nyuma 146. Zote milimita. Maana yake tairi la kushoto limegeuza uso nje kwa milimita 6, la kulia kwa 1.

Timazi tukalining'iniza mbele ya kila rimu ya nyuma, tukapima nafasi ya juu na ya chini. Kushoto juu imezidi chini kwa milimita 10, kulia kwa 5. Juu ya tairi imeingia ndani ya gari pande zote mbili. Kiasi kidogo ni kawaida kwa gari kama hili. Milimita 10 si kidogo.

Mwisho nikapima kutoka katikati ya habu hadi upinde wa bodi juu ya tairi. Kulia 363, kushoto 345. Upande mmoja umeshuka milimita 18, na mimi nimekuwa nikiendesha hivyo bila kujua.

Usiku nimekaa na kalamu. Mafundi wa mashine wanaita kugeuka kwa uso tou, na kulala kwa tairi kemba. Jumla ya tou nyuma ni milimita 7 kutazama nje, na barabarani matairi mawili yanagawana mzigo huo, kama 3.5 kila moja. Ukingo wa rimu yangu una kipenyo cha milimita 380. Gawanya, utaona kila tairi linaburuzwa ubavu mita 9 kwa kila kilomita 1. Kwenda Muheza na kurudi ni mita mamia za kusugua lami, na kwa sababu la kushoto limelala, lote linasuguliwa kwenye ukingo wa ndani.

Tena nimeelewa usukani. Kwa miezi nimekuwa nikiushika umeinama kushoto kidogo ili gari liende nyoofu, na kila baada ya alaimenti unanyooka wiki mbili tatu kisha hali inarudi. Nyuma ya gari inasukuma kuelekea kushoto, kwa hiyo pua inataka kwenda kulia. Walichofanya mara zote 3 ni kuyapanga matairi ya mbele yafuate mgongo uliopinda, na mgongo wenyewe ukaendelea kupinda.

Jumamosi, Juni 21

Gari juu ya stendi za chuma, mawe mbele, jeki imebaki kama akiba. Silali chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, na mdogo wangu anayenisaidia nimemwambia asithubutu. Jeki ya maji inaweza kushuka bila kukupa taarifa.

Nimetafuta sababu mbili, maana namba zilikuwa mbili: kushuka na kugeuka.

Ya kushuka niliipata kwa brashi ya waya. Springi ya kushoto, pale inapokaa kwenye sahani ya shokapu, ilikuwa imefunikwa tope lililokauka. Nilipoisugua, kipande cha mwisho cha springi, kama robo tatu ya mzunguko, kikanidondokea kifuani. Kilikuwa kimevunjika zamani. Sehemu ya mvunjiko ilikuwa nyeusi yote, hakuna mng'aro wa chuma kipya. Rangi ilibanduka, chumvi na maji vikakaa kwenye sahani, kutu ikala chuma kimyakimya. Kwenye gari la aina hii nyuma ikishuka, juu ya tairi inaingia ndani. Hiyo ndiyo sababu ya kulala.

Ya kugeuka nimeipata kwa mshipi uleule. Nimeuvuta kutoka bolti ya ndani hadi bolti ya nje ya mkono wa nyuma kushoto. Mkono umejipinda kama upinde, katikati umeachana na mshipi kwa milimita 15. Wa kulia umenyooka. Chuma kilichopinda kinafupika, na mkono wa nyuma ukifupika uso wa tairi unatazama nje. Milimita 2 tu za kufupika huku ndani zinatosha kuleta 5 kule kwenye rimu.

Nikamwita baba, nikamwonyesha. Akasimama kimya muda mrefu, kisha akasema, "Amani. Ile masika tuliyokwama njia ya Amani." Walizama kwenye tope juu ya Muheza, likaja lori kuwavuta, na utingo akafunga kamba kwenye chuma cha kwanza alichokiona chini. Baba alikuwa ameshika usukani, hakuona. Alikaa na jambo hilo jioni nzima, mpaka nikamwambia baba, hakuna aliyekosa, gari lilitoka topeni na nyie mkafika nyumbani.

Bushi, ile mipira yenye chuma iliyo kwenye ncha za mikono: nimetia mtalimbo mdogo nikazitikisa. Mikono ya kushoto yote miwili bushi zake zimechanika, mpira umeachana na chuma. Za kulia bado zimeshika, nimeziacha.

Jumamosi, Juni 28

Siku ya spea. Ngamiani nimezunguka maduka manne. Ukiuliza spea ya Carina kwa mdomo utapewa ya Corolla, ya Premio, ya chochote kilicho karibu. Nilikwenda na mkono wenyewe uliopinda ndani ya gunia nikalinganisha mlemle dukani. Mkono wa mtumba nimeupata kwa 40,000. Kabla ya kulipa niliomba kipande cha kioo, nikauviringisha juu yake kwa sehemu ile ya bomba, kisha nikavuta mshipi wangu toka tundu hadi tundu. Mwenye duka alinitazama sana. Mkono wa kwanza aliouleta ulikuwa umepinda kuliko wangu. Wa pili ulinyooka.

Springi za mtumba jozi moja 70,000. Zinabadilishwa mbili pamoja, kulia na kushoto, la sivyo gari litabaki limeinama hata kama zote nzima, kwa sababu ya zamani imeshachoka. Nilizisimamisha mezani bega kwa bega, urefu sawa, nikapapasa ncha zote kutafuta ufa.

Bushi mpya 4, kila moja 12,000. Kuzishindilia kwa presi (mashine ya kukandamiza) 15,000 kwa zote. Kuna anayezipiga kwa nyundo na kipande cha bomba. Mpira unaumia ndani, na kutoka nje hutauona.

Kubadilisha springi sikufanya mwenyewe. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumuua mtu, na mimi sina kibano. Nilizichomoa shokapu zote mbili nyumbani nikazipeleka kwa mzee mmoja wa gereji Ngamiani mwenye kibano kizuri, akazifunga kwa nusu saa na hakuongeza bei, kwa sababu, alisema, kuzichomoa ndiko kazi.

Kuhusu kutu: nati za mkono wa kulia nilitaka zifunguke, maana na upande huo una milimita 1 ya kurekebisha. Siku 4 mfululizo nimezipaka dizeli iliyochanganywa na mafuta mepesi, asubuhi na jioni, na kugonga kidogo kwa nyundo kuzunguka. Jumatano nilivuta kwa pupa, spana ikateleza, pembe mbili za nati zikalainika. Kosa langu: nilikuwa nafungua upande usio sahihi. Bomba hili lina uzi wa kawaida ncha moja na uzi wa kushoto ncha ya pili, ndiyo maana ukilizungusha mkono mzima unarefuka au kufupika. Nati ya upande wa uzi wa kushoto hufunguka kwa kuzungusha kinyume na ulivyozoea. Leo, spana ya bomba na moto kidogo wa gesi kwa mzee yule yule, zimefunguka. Bushi tulizifunika kwa kitambaa kibichi ili mpira usiungue.

Jumamosi, Julai 5

Kufunga. Mkono mpya nimeuweka urefu sawa na wa kulia, bolti hadi bolti, kama pa kuanzia. Nyuzi zote nimezisugua na kuzipaka girisi; sitaki mwingine ateseke kama mimi.

Nimekaza kila kitu nikiwa chini, gari juu ya stendi, matairi yananing'inia. Nimeshusha, nimepima. Upinde wa bodi kushoto 379, kulia 368. Springi mpya, na gari limesimama upande kama mtu mwenye kidonda cha mguu. Nimelisukuma, nimelikalia, wapi. Nimelala na wasiwasi kwamba nimeuziwa springi mbili tofauti.

Jumatatu, Julai 7

Sabasaba, sikukuu, mtaa mzima umetulia. Mzee wa gereji nilimpigia jana usiku. Swali lake lilikuwa moja: "Bolti za bushi umezikaza gari likiwa wapi?"

Hapo ndipo penye siri, na nashukuru aliniambia bure. Bushi hizi haziviringiki. Chuma cha ndani kinabanwa na bolti, cha nje kimeshikwa na mkono, na katikati mpira unajinyonga gari linapopanda na kushuka. Ukikaza matairi yananing'inia, mpira unalala katika hali hiyo. Ukishusha gari, unajinyonga muda wote na unalisukuma gari juu kama springi ya pili. Ndani ya miezi michache unachanika. Mimi upande wa kushoto nilifungua bolti zote, kulia nikafungua moja tu, ndiyo maana pande hazikulingana.

Nimelegeza bolti zote za bushi pande zote mbili, nimeshusha gari kwa uzito wake, nimelisukuma mbele na nyuma, kisha nimejipenyeza chini nikazikaza likiwa limesimama kwa miguu yake. Kujipenyeza kulihitaji matairi yote manne yapande juu ya mbao nene mbili mbili, mawe kila upande. Upinde: kushoto 366, kulia 367. Nilipiga kelele mpaka baba akatoka nje.

Timazi: kushoto 6, kulia 5.

Kisha tou. Ili matairi ya nyuma yageuke bila kushikwa na sakafu, kila moja nimelikalisha juu ya marumaru mbili zilizogusana uso kwa uso, girisi katikati. Kwa hiyo ukizungusha bomba la mkono tairi linateleza papo hapo, na unasoma rula bila kusukuma gari kila mara. Mjomba alikuwa kwenye rula, mimi kwenye spana. Robo mzunguko wa bomba imenipa karibu milimita 2 kwenye rimu. Nililenga tairi litazame ndani milimita 1 kila upande, maana likiwa mwendoni bushi hulegea na uso hutaka kufunguka nje. Kushoto tumefika 1, kulia 1. Ilituchukua saa mbili, kwa sababu kila ukikaza nati za kufungia bomba nalo linataka kufuata. Lazima lishikwe kwa spana ya pili.

Mjomba akakunja timazi lake, akasema sasa ukuta umesimama, tule.

Jumamosi, Julai 12

Nimenunua matairi mawili mapya, 140,000 kila moja. Dukani nilisoma ile namba ya tarakimu 4 ubavuni, mbili za kwanza wiki na mbili za mwisho mwaka, nikakataa jozi ya kwanza iliyoandikwa 2619. Tairi la miaka sita ghalani si jipya.

Kisha mashine ya alaimenti, 35,000 ya mwisho kwa sasa. Nilimwomba fundi aanze na nyuma kabla hajagusa mbele. Nyuma kote kijani, na tofauti ya kushoto na kulia kwenye kioo ilikuwa ndogo kuliko niliyoweza kusoma kwa rula. Mbele akarekebisha kidogo tu. Alipouliza nyuma imetengenezwa kwa mashine gani, nikamtajia mshipi na timazi, na akataka nimchoree. Nimemchorea kwenye risiti yake.

Kazi yenyewe: mkono 40,000, springi 70,000, bushi 48,000, presi 15,000, mshipi 3,000, girisi na dizeli 7,000, mashine 35,000. Jumla 218,000. Zile alaimenti 3 za kwanza zilinila 105,000, na matairi yaliyokufa 280,000.

Jumamosi, Agosti 30

Kilomita 1,900 tangu siku ile, nyingi ni Muheza na Pongwe, mara mbili Segera. Nimepima kina cha mistari ya matairi ya nyuma kwa venia (kipimo cha sehemu ndogo za milimita), ndani, katikati na nje. Yalipokuwa mapya yote yalikuwa 8.0. Leo kushoto: 7.6, 7.6, 7.7. Kulia: 7.6, 7.7, 7.7. Usukani umenyooka. Juzi mvua ilitukuta njiani, na mkia wa gari haukucheza kama zamani. Baba alikuwa amekaa nyuma, akasinzia.

Springi nimezipaka rangi ya kuzuia kutu pale kwenye sahani, na kila Jumamosi naosha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi. Mkono uliopinda nimeuweka. Mdogo wangu anautumia kufundishia wenzake mtaani jinsi ya kuvuta mshipi. Kazi inayofuata ni bushi za fimbo ndefu za kulia, nimesikia mlio mdogo nikirudi nyuma.